Mfumo dume: kumi juu ya kumi

Georges, ndugu yangu, niombee rozari nzima.

Mwalimu aliuliza maana ya mfumo dume. Nikasimama kama askofu: «Ni nyumba ya kina Marlène. Baba yao anamtoa yeye shuleni, anamleta Steve, mdogo wa Marlène aliyefeli mara mbili!»

Marlène alikuwa ameniambia MIMI TU. Jana, nyuma ya kanisa, akilia.

Darasa lilicheka. Mwalimu alicheka! «Kumi juu ya kumi!»

Marlène hakulia. Akaniambia: «Umesahau matela ya kitanda changu. Miye narudia kwetu Kambove na valizi ya nguo tu. Matela yangu inabakia, Steve atalalia.»



Jioni hii Steve ameshafika bwenini. Kitanda chake kiko kando ya changu. Baba yao ameniomba nimsaidie kubeba godoro la Marlène toka bweni la wasichana.

Nimelibeba, Georges.

Baba yao akanishika bega: «Aksanti, mwanaume.»