Anasema yuko ukumbini, na mimi nimo humo ukumbini

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa. Niko langoni pale chuoni kwa watoto wetu.

Unajua binti yangu kila Jumamosi ananiambia ana kongamano la wanafunzi. Leo nikasema nimpelekee shuka zake bila kumwambia. Nikaelekezwa ukumbini, nikakaa nyuma na mfuko wangu mapajani. Viti kama mia mbili, watu hawafiki ishirini! Simwoni.

Nikampigia. Akapokea ananong'ona, "Mama, niko ukumbini, mgeni rasmi anaongea."

Mgeni rasmi anaongea! Mwenzangu, mgeni rasmi alikuwa hata hajafika. Jukwaani kulikuwa na fundi anafunga spika.

Nikamuuliza, "Umekaa wapi?"

"Mbele kabisa mama, nitakupigia."

Hapo nikasikia mwanaume, "Kata simu bwana." Sauti nzito ile, ya mtu mzima, si ya mwanafunzi.

Nikamwendea dada wa mlangoni mwenye daftari la mahudhurio. Jina la mwanangu lipo, na sahihi ipo! Yule dada akacheka, "Mama, hawa wanasainiana. Anakuja mmoja, anaandika sita, anaondoka."

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Chini yake kuna jina la binti yako. Kalamu ileile, mkono uleule. Naye sikumwona.

Wangu namsubiri hapahapa mpaka arudi. Wewe mpigie wako sasa hivi. Usimuulize yuko wapi, atakwambia ukumbini. Mwambie ampe simu huyo mgeni rasmi umsalimie.