Kidole cha Fundi Mbwana

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imenifika hapa Nguvumali. Sote wazima, na goti la bibi yako limetulia.

Unauliza rimu za gari lako la zamani uzipake nini zisishike kutu. Rangi ya unga, ile inayookwa, hudumu zaidi, ila ikibanduka huwezi kuiziba mwenyewe. Ya kawaida unairudia hapo hapo nyumbani. Chagua uipendayo, lakini kwanza onja chuma.

Hilo nilifunzwa ujanani na Fundi Mbwana wa Tongoni. Alinipa rimu nne za gari la bwana harusi. Nikazipiga msasa, nikazisuuza, zikakauka, nikafungua kopo la rangi. Mzee akapitisha kidole kwenye chuma, akakilamba.

"Umesuuza kwa maji ya wapi?"

"Ya kisimani, mzee."

Kisima kile kilikuwa karibu na bahari, maji yake yana chumvi. Ningepaka rangi juu ya chumvi, na kutu ingekula chuma chini kwa chini.

Hakunigombeza. Alikwenda nyumbani kwake akaleta pipa la maji ya mvua, maji yao ya kunywa, akaziosha zote upya. Bwana harusi alipokuja akakuta rangi bado mbichi, mzee akamwambia, "Nimechelewa mimi."

Jioni mkewe alinimiminia chai. Ilikuwa na chumvi ile ile ya kisimani. Mzee akainywa yote, akaomba kikombe cha pili.

Babu yako