Nusu Mzunguko wa Skrubu

Tata,

Nimeandika jina hilo moja, la kukuita baba, na nimekaa nalo muda mrefu. Mwalimu angetaka nianze na anwani, na anwani yako ya sasa naijua: kaburini hapo kwenye migomba, hatua kama ishirini kutoka kwa pipa lako la maji.

Pipa bado liko. Mama hakutaka liondolewe. Ikifika saa kumi, saa yako ya kuvuta kamba ya injini, mimi huliangalia kutoka dirishani, na mara nyingine maji yanatetemeka na hakuna upepo. Sijamwambia mtu. Unanijua mimi na kusema.

Basi leo nitasema. Injini ya boti ya Mzee Omondi haikuharibiwa na sikio lako la fundi. Ni mimi.

Unakumbuka Sabato ile niliposema kichwa kinaniuma? Hakikuwa kinauma. Mlipoteremka kwenda kanisani, wewe na Mama, nilienda uani. Ulikuwa umeijaribu ile injini Ijumaa ndani ya pipa, ikakohoa na kutoa moshi mpaka kuku wakakimbia, na wewe ukaizima ukiwa umeridhika kabisa. Watu waliokuwa barabarani walicheka. Nilikuonea aibu. Mzee Omondi mwenyewe, kila akileta injini kutoka ziwani, alikuwa anakuchokoza: "Nyinyi Wakisii! Fundi wa boti juu ya mlima! Kesho mtatengeneza ndege ndani ya kisima." Nikataka hii itoke kwako bila mtu kucheka. Nikachukua bisibisi ndogo, nikakaza ile skrubu ya kabureta inayopitisha petroli, nusu mzunguko, nikavuta kamba. Tata, ilitulia kama cherehani. Nilifurahi peke yangu, siku ya Sabato, mikono ikinuka petroli.

Mliporudi uliweka kiganja juu ya kifuniko chake. Lazima kilikuwa bado na joto. Ukaniangalia. Ukasema tu, "Jua la leo ni kali." Na mawingu yalikuwa yamefunika mpaka chini kwenye shamba la chai.

Jumapili asubuhi pikapu ikaja, ukaipakia bila kuivuta tena.

Ulikuwa umenieleza, ni vile sikusikiliza. "Huku juu hewa ni nyepesi, Kemunto. Injini ya ziwa ikiwa huku lazima ilemewe na petroli. Iache ikohoe. Ikifika chini itapata hewa yake, itatulia." Nilidhani unajitetea.

Mzee Omondi alipoirudisha, ulikuwa tayari huinuki bila kushikwa. Alikaa karibu na kitanda chako, kofia magotini, akasema injini ni sawa ikikimbia, lakini akipunguza mwendo avute nyavu inazima, na upepo unamsukuma kwenye mawe. Alisema polepole, kama yeye ndiye mwenye makosa. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Ulifumba macho. "Sikio langu limezeeka, Omondi. Nisamehe." Kisha ukayafumbua, ukaniangalia mimi, si yeye.

Niliweka chai mezani nikatoka. Wiki mbili baadaye ulituacha.

Hayo macho ndiyo yananirudia. Darasani, nikichuma chai, hata kanisani watu wakiomba. Ulikuwa unanificha, Tata, au uliamini? Kama uliamini, basi ulikufa ukidhani... Sentensi hiyo siwezi kuimaliza.

Baada ya mazishi Baba Mdogo alisema vifaa vyako viuzwe kwa fundi wa mjini Keroka, kwa sababu "hata marehemu mwenyewe mwishowe alikuwa amepoteza mkono wa ufundi." Kesho yake niliitoa injini chini ya turubai.

Na hapa pia nitakuambia ukweli: nilitaka nipate kosa lingine. Lolote. Nilipuliza mpira wa petroli, hauna ufa. Kichujio, kisafi. Nikafungua kabureta juu ya gazeti vile ulivyonifundisha, kila kipande kwa mpangilio wa kutoka kwake, hakuna uchafu. Nikaweka kidole kwenye tundu la plagi nikavuta kamba, pumzi iko. Plagi yenyewe ilikuwa nyeupe kama mfupa. Zako zilikuwa zikitoka na rangi ya chai ya maziwa. Injini ilikuwa na njaa ya petroli, na aliyeinyima ni mimi.

Nikairudisha skrubu nusu mzunguko. Nikajaza pipa, nikaifunga ukingoni mwake, nikavuta. Mara ya tatu ikashika, ikakohoa. Ikakohoa vile ulivyokuwa unakohoa ule mwezi wa mwisho: moja, kimya, halafu mbili pamoja. Mama akatoka jikoni mbio na kikombe cha maji ya moto. Alikuwa anakuletea wewe. Alisimama pale na kikombe chake, tukaangaliana, moshi katikati yetu.

Hapo nilimwambia. Yote, hata ya Sabato. Akakaa kwenye jiwe lako la kukalia ukifanya kazi. "Na hii yote umeibeba peke yako?" Halafu akayanywa yale maji mwenyewe.

Mzee Omondi nilimwambia kwa simu. Akasema, "Ilete. Lakini ikinizimia tena, wewe ndiye utapiga makasia."

Injini ikateremka na pikapu, na Alhamisi akapiga simu akiwa majini. Mama alikuwa amemwita Baba Mdogo, akamshikisha simu. Tulisikia injini ikipunguzwa, ikipunguzwa tena, na haikuzima. Ilipumua taratibu tu. Tulisikia hata maji yakigonga ubao. Halafu Mzee Omondi akapaza sauti: "Fundi wenu hakukosea!" Baba Mdogo akanirudishia simu, akatoka nje, akasimama kwenye migomba muda mrefu. Vifaa haviuzwi tena.

Wote wamesikia, Tata. Isipokuwa wewe. Na jana saa kumi maji ya pipa yalitetemeka tena.

Pumzika sasa. Sitasimama tena mlangoni na sinia nikiwa kimya. Na kila injini itakayopita mkononi mwangu nitaiacha ikohoe, wacha watu wacheke. Ukisikia kikohozi hapo uani, usiamke. Ni injini tu. Niko nayo.

Kemunto wako