Libaya la Mama

Élisabethville, Jumapili baada ya misa

Yaya Mumba, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Kifua chako kimepoa? Na mkeo, amejifungua salama? Sisi huku tunakula, tunalala, mguu wangu mbovu unauma wakati wa baridi tu. Habari za moyo usiniulize.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori la samaki. Mwandiko wako bado ni wa kuku, nikaanza kucheka, ndipo nikafika pale ulipoandika kwamba Mama ametutoka na mmekwisha kumzika. Nilikaa chini palepale, mlangoni pa chumba cha kushonea. Nimekukasirikia, yaya. Najua maiti haingoji lori kutoka huko kwenu Kasenga, lakini nimekukasirikia.

Halafu umeandika, "Mwambie mdogo wako polepole." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Chola hasikii tangu utotoni, na maneno yetu yote ni ya mikono. Mama ni kujikwangua mkono kama mtu anayepara samaki, hilo unalijua. Lakini kufa? Nyumbani hatukuwa na neno hilo. Basi nikachukua la hapa kwa watawa wanaotufundisha kushona, sisi wanawake vilema na viziwi: vidole viwili vinakata uzi mbele ya kifua. Maana yake, imekwisha.

Nikajikwangua mkono. Nikakata uzi.

Chola akacheka, yaya! Akakimbilia sanduku lake, akarudi na libaya la kitenge cha bluu, jipya, limepigwa pasi, lina vifungo mpaka shingoni. Alikuwa akimshonea Mama kwa siri tangu fundi mmoja wa mjini amchukue dukani mwake kwa majaribio. Alidhani nimemuuliza kama la Mama limekwisha. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo, limekwisha. Akanivalisha mimi apime, kwa kuwa nina mabega ya Mama. Nikasimama ndani yake kama mjinga, nikashindwa.

Mama Albertine, mwenzetu anayetembea kwa magongo, alinikuta nalia.

"Umwambie, Felista. Kama hauseme, atangoya mama yake mupaka wakati gani?"

"Maneno haiko, mama."

"Basi unyoe kichwa. Ataona ye mwenyewe."

Akaninyoa yeye, kwa wembe. Chola aliporudi kutoka dukani, akaniona. Alikumbuka jinsi tulivyonyolewa sote tulipomlilia Baba. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa, kisha akajikwangua mkono, taratibu, akiniuliza kwa macho. Nikaitikia. Sauti iliyomtoka yeye mwenyewe hakuisikia, na mimi sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Tangu siku hiyo hakati uzi. Anashona vizuri kuliko sisi wote, lakini kila nguo anaiacha uzi unaning'inia. Fundi ameniita: "Kazi yake iko muzuri sana. Lakini muteja hapana vaa nguo ya kamba-kamba. Kama haikate, arudie kwa bamasœur." Na hao bamasœur, watawa wetu, wametuambia wazi kwamba kiziwi akifukuzwa kazini, hakuna fundi mwingine atakayejaribu kumchukua. Kwa hiyo kila jioni naburuta mguu mpaka dukani, nasubiri Chola atoke, nachukua mkasi na kuzikata nyuzi zake zote. Naona kama namzika Mama kila siku. Sijui nitaweza mpaka lini.

Msalimie mkeo na huyo mtoto mpya, msalimie shangazi anayeuza chumvi, na mwambie mjomba wa mitumbwi kwamba hatujamsahau.

Dereva atakupa libaya lenyewe. Lizike pembeni ya Mama. Chola alifumua upindo wa mkono wa kushoto, akaushona upya, na hapo utakuta uzi unaning'inia. Hata kama mkeo atasema ni ovyo, nakuomba, yaya, usiukate.

Mdogo wako,
Felista, na Chola aliyekaa hapa kando yangu, anautazama mkono wangu ukiandika