Betri Sita Zimejaa, Baba Mkwe Haonekani

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie katika jambo ambalo mafundi wenzangu wamelicheka na mke wangu hataki hata kulisikia, nalo ni hili: fundi wa makabati ya jikoni anayefanya kazi peke yake anatakiwa kuwa na betri ngapi? Nazungumzia betri za mashine zisizo na waya, yaani drili, msumeno na ile ya kupiga msasa, zote zinatumia betri ya aina moja, unachomoa hapa unachomeka pale. Kwa sasa ninazo sita na nafikiria kuongeza mbili, lakini nyumbani hali si shwari, na sitaki kununua halafu nijute.

Nianzie mwanzo ili unielewe. Karakana yangu haina umeme, mwenye nyumba kila nikimuuliza ananiambia nivute subira, kwa hiyo betri zinachajiwa kwa kinyozi, mlango wa tatu kutoka kwangu, ambaye ni muungwana na hataki chochote zaidi ya kurekebishiwa viti vyake. Nilipoanza nilikuwa na betri mbili, moja kwenye drili na nyingine kwa kinyozi, na ya kwangu ikiisha baba mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha useremala kabla hata sijamjua binti yake, alikuwa anaichukua bila kuambiwa, anaitia kwenye mfuko wa koti, anakwenda kuibadilisha, na safari hiyo ya milango mitatu ilikuwa ndefu kwa sababu lazima asalimiane na watu wote na amkumbushe mshona viatu kwamba meza yake imepinda, halafu kama ile nyingine haijajaa anarudi mikono mitupu, anachukua keekee yake, ile drili ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, anafunga bawaba taratibu huku akinisimulia ya mtaani na kunifokea kwa jinsi nilivyopanga mbao, na mimi nakaa kwenye stuli nakunywa chai mpaka betri ijae.

Sasa mshauri, mimi nina adabu zangu. Siku moja mteja alimkuta mzee ameinama kwa kinyozi anatafuta betri yangu kwenye rundo la simu za watu, akaja kuniambia, "Kumbe siku hizi unamtuma mkweo?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkwe ni mtu wa kuwekewa kiti, si wa kubebeshwa betri. Nikajibana nikanunua ya tatu, halafu ya nne, zile mbili za mwisho nikazipata kwa mpigo, na sasa asubuhi napita kwa kinyozi nabeba zote zikiwa zimejaa na kazi haisimami hata kidogo. Nikamwekea mzee kiti kizuri chenye mto, nikamwambia, "Baba, pumzika sasa, umetuhangaikia vya kutosha." Akasema, "Ahsante, mwanangu," akakaa. Kesho yake akakaa tena. Baadaye akaanza kuchelewa, halafu akaacha kuja kabisa, na juzi amempa mke wangu ufunguo wake wa karakana, ameufunga kwenye kitambaa, aniletee, eti hana tena kazi nao.

Tangu hapo mke wangu ananijibu kwa mkato. Anasema baba yake anashinda uani ananoa patasi ambazo tayari ni kali, na kila akienda kumwona anaulizwa swali moja, "Betri za mumeo bado zinakaa na chaji?" Akijibu kwamba zinakaa, mzee anasema vizuri, anaendelea kunoa. Mke wangu ameniapia kwamba nikileta betri nyingine nitakwenda kulala nayo karakana. Mimi sijamfukuza mtu, mshauri, mimi nilimheshimu, na ukweli ni kwamba siku hizi kazi ni nyingi, tena milango miwili ya kabati la yule mteja imeanza kufunguka yenyewe kwa sababu drili inakaza skrubu za bawaba upesi mpaka mbao inapasuka, na Jumamosi jioni betri zote sita zinaniishia. Ndiyo maana nauliza: nane zitatosha, au niende kumi moja kwa moja?

Fundi wa Makabati

*

Fundi,

Safu hii ni ya mambo ya nyumbani, na nilipofika kwenye mashine ya msasa nilikaribia kuipeleka barua yako kwa mwenzangu wa ukurasa wa michezo. Nashukuru nilivumilia.

Nikujibu kwanza ulichouliza, usije ukasema nimekukwepa. Betri moja iwe kwenye mashine, moja iwe inachajiwa, moja ya akiba, na kwa kuwa msumeno unakula sana chaji, upe yake. Hizo ni nne. Wewe una sita na bado zinakuishia, kwa sababu unafanya peke yako kazi iliyokuwa ya watu wawili. Usinunue hata moja.

Sasa tuje kwa mzee. Unasema uliona aibu kumtuma. Nani alimtuma? Umeandika kwa mkono wako kwamba alikuwa anaichukua bila kuambiwa. Yule alikuwa kazini, fundi! Mtu aliyekufundisha useremala umemkalisha kwenye mto akutazame, halafu ulitegemea afurahi. Hata mimi ningerudisha ufunguo, tena nisingejisumbua kutafuta kitambaa. Na huyo mteja aliyekutia maneno, kama ndiye mwenye milango inayofunguka yenyewe, basi ameshapata haki yake.

Nakuhurumia, maana ulifanya kwa moyo mweupe, na mkeo analijua hilo, la sivyo hata huo mkato usingeupata. Lakini acha kujitetea kwake. Baba yake akiuliza habari za betri, anauliza kama bado ana nafasi pale kwako, na kila ukiongeza nyingine unamjibu kwamba hana. Inaniuma kwa niaba yake.

Fanya hivi. Usimtume mkeo arudishe ufunguo, na usiende na zawadi. Nenda mwenyewe, na mlango mmoja kati ya ile miwili uubebe begani. Uweke mbele yake, mwambie bawaba zimekushinda. Atakufokea, mwache afoke, naona umekosa kufokewa muda mrefu na kazi yako inaonyesha. Mpe ufunguo mkononi. Kuanzia hapo bawaba zote ni zake, kwa keekee yake na kwa mwendo wake, na mteja mwenye haraka aambiwe ndivyo karakana yenu inavyofanya kazi. Kile kiti cha mto kirudishe nyumbani.

Kuna kosa moja naliona linakuja, maana nimeshakujua. Utaficha betri nne chini ya meza na kujifanya chaji imekuishia, ili mzee apate pa kwenda. Usithubutu. Ataziona kabla hajavua koti. Akikuuliza kuhusu betri, na atakuuliza, mwambie ukweli: "Zote sita zimejaa, baba, na bado nataka uje."