Sifuri Mbele ya Hamsini na Nane

Jumatatu, 6 Mei

Faili la kumi na tisa. Yamebaki ishirini na mawili. Programu ya kituo cha maziwa ina majaribio yake, yaani vipande vya Python vinavyoipima kama inafanya kazi sawa. Mimi naviongezea aina. Kila kinachoingia na kutoka nakiandikia: hii namba, int. Haya maandishi, str. Halafu kikaguzi kinapita na kuweka mstari mwekundu penye kosa. Sawa na kuchambua maharage. Mgongo unauma.

Kaka Ipyana, mwenye ofisi, alinipa wiki tatu. Nikamwambia Ijumaa hii namaliza. Mdomo wangu huu. Nikimaliza vizuri ananiajiri, cheti niwe nacho nisiwe nacho. Nikiharibu, narudi kuchuma chai ya baba. Baba ameshanitengea kapu.

Atupele wa meza ya pili ana diploma. Ananiita Profesa wa Form Two. Namwacha. Profesa ni profesa.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi mistari myekundu mia tatu na kitu. Sababu moja tu: namba ya mkulima. Mimi nimeiandika int kila faili, kumbe aliyetengeneza programu aliiweka maandishi. Namba, maandishi? Nimecheka peke yangu. Nikabadilisha mistari miwili ndani ya programu yenyewe, ambayo sikutumwa kuigusa, namba ya mkulima ikawa int. Wekundu wote ukafutika. Majaribio yote kijani. Siku mbili kabla ya ahadi, wanangu.

Kaka Ipyana kaja kuangalia. "Dogo, wewe hatari." Akampigia hapohapo mwenyekiti wa wafugaji: Jumamosi asubuhi tunaweka programu mpya. Atupele akajifanya anatafuta kalamu. Raha sana.

Alhamisi, 9 Mei

Sina raha.

Nimetumwa kituoni Mpuguso kupeleka chaja ya kishikwambi. Foleni ya vidumu vya maziwa, na Bibi yangu yumo. Nikamwamkia. Akaanza kuwatangazia wenzake kwamba mjukuu wake ndiye anayetengeneza kompyuta ya maziwa. Nikavimba. Karani akamuuliza namba.

"Sifuri hamsini na nane."

Nyuma yake kijana mmoja wa pikipiki. "Hamsini na nane."

Nikamuuliza karani mbona wako wawili. Akanitazama kama mtalii. "We si wa hapahapa? Vikundi viwili viliungana, kila kimoja na hamsini na nane yake. Wazee wakagoma kubadilishiwa. Wakawekewa sifuri mbele, yakaisha."

Int haijui sifuri ya mbele. Inaimeza. Kwa programu yangu, Bibi na yule kijana ni mtu mmoja, na maziwa ya Bibi yataingia kwa kijana. Majaribio hayatasema kitu. Wakulima wake ni wa kubuni: moja, mbili, tatu. Hakuna hata mmoja mwenye sifuri.

Bibi kanipa ndizi za kurudi nazo. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefika kabla ya wote nirekebishe kimyakimya. Nimerudisha ile mistari miwili. Wekundu wote ukarudi. Naufuta mmoja mmoja. Saa nne nimefuta mistari thelathini kati ya mia tatu. Mlango uko hatua nne kutoka kwenye kiti na sina pa kwenda.

Nimewaza kuumwa. Nimewaza kusingizia umeme. Nimewaza kunyamaza, maana nani atajua? Wazee wa sifuri wengi hawasomi hata ujumbe wa simu. Hilo la mwisho limenichefua, kwa sababu nililipenda.

Atupele kapita nyuma yangu, kaona kioo kilivyo chekundu, kaniuliza, nikamweleza. Hakucheka. Heri angecheka.

"Mwambie mwenyewe kabla ya saa kumi. La sivyo namwambia mimi."

Saa tisa na nusu nikamwambia. Sikuwa na utani hata mmoja mdomoni. Kaka Ipyana akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja. "Umejua tangu lini?" Nikasema jana asubuhi. Akatoka nje na simu. Nimemwona dirishani akimwomba radhi mwenyekiti, mtu mzima, kichwa chini, mvua inamnyeshea. Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi, 11 Mei

Programu haikuwekwa. Simu haikuita. Baba kauliza mbona nipo nyumbani. Nimesema mapumziko. Kalisogeza kapu karibu na mlango.

Jumatano, 15 Mei

Jumatatu nilikwenda bila kuitwa. Kaka Ipyana hakuniambia niondoke, hakuniambia nibaki. Kanionyesha kiti. Mafaili yote arobaini na moja, upya, na Atupele akague kila moja. Ya ajira tutaongea baadaye. Sikuuliza baadaye lini.

Leo nimeandika jaribio ambalo halikuwapo. Wakulima wawili, 058 na 58, kila mmoja na lita zake. Limepita. Atupele kalisoma mara mbili, kaweka alama ya vema, karudi mezani kwake bila kuniita profesa.

Saa kumi na moja wenzangu wamechukua miavuli, wameondoka. Nimefungua faili linalofuata.