Wali wa Msiba Ndani ya Lundo Lako

Mama,

Nimekaa juu ya ndoo ya bluu, ile iliyopasuka mdomo, kwa sababu miguu haitaki kusimama tena. Ni Jumamosi mchana. Nimetoka kugeuza lundo. Kabla sijakusalimia vizuri, nina jambo la kukuungamia.

Niliharibu mboji yako. Kidogo tu wangeifukia.

Siku ya kuanua matanga, akina mama wa jumuiya walibakiwa na wali mwingi, maharage, na mchuzi wa nyama ulioganda mafuta. Mmoja akasema, "Marehemu hakupenda kuona chakula kinatupwa. Tukamwage kwenye lundo lake, ndiyo heshima yake." Wakanifuata nilipokaa. "Mwanangu, tumwage huku nyuma?" Mimi niliyekuwa nikikushikia ndoo tangu darasa la pili nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimechoka kusema na watu. Na kusema kweli, niliona ni jambo zuri. Walimwaga masufuria yote huku wakiimba, na hakuna aliyeweka juu yake hata jani moja kavu.

Wewe uliimba wimbo mwingine. "Ndoo moja ya jikoni, ndoo mbili za makavu. Nyama na mafuta waachie paka." Ulipokwenda kuchukua maganda, ulimwambia mpishi wa shule yetu maneno hayo mara nyingi, mpaka akawa anakuiga sauti. Kwa Mama Zawadi, pale bandani kwake anapouza chakula, ulikuwa unapekua ndoo kwa mkono mbele ya wateja: maganda ya ndizi sawa, machicha ya nazi sawa, majani ya chai sawa. Ukikuta mfupa unamrudishia. "Huyu wako, mfuge mwenyewe." Wateja walicheka mpaka wakapaliwa.

Wiki haikuisha, lundo likaanza kunuka. Ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa haikuwepo tena, ilikuwa ya yai viza. Inzi wakaja. Nikaichomoa ile nondo ya chuma uliyoichomeka katikati, uliyokuwa ukinigusisha mkononi kila asubuhi kabla ya shule. Ikiwa ya moto ulisema, "Limeamka." Safari hii ilitoka ya baridi, ina utelezi. Nilijua limelala. Sikujua linaamshwaje, kwa sababu wewe hukuwahi kuliacha lilale.

Bi Mwanaidi alisimama upande wake wa ua, khanga puani. "La marehemu mama yako lilinuka udongo. Hili lako wewe linanuka shetani!" Akaenda kwa mjumbe. Mjumbe akaja, akatema mate pembeni, akasema, "Pole na msiba, binti yangu. Lakini Jumamosi ijayo nikipita hapa pua ikanipa habari hizi hizi, shimo linachimbwa, lundo linafukiwa."

Mjomba Dismas, ambaye amehama Manzese kuja kukaa nami na ndiye anayesukuma guta lako la kubebea ndoo sasa, alikubaliana naye. "Mpwa wangu, tulifukie tu. Dada alikuwa na nguvu za watu watatu. Sisi tuko wawili, na mmoja ana kiuno kibovu." Nguo zako zimegawanywa. Kitanda chako analalia yeye. Lundo ndilo kitu pekee ulichokianza ambacho bado hakijaisha. Tukilifukia, mpishi atarudi kumwaga maganda nyuma ya vyoo vya shule, na Mama Zawadi atarudi mtaroni, na baada ya muda hakuna mtu hapa Chanika atakayekumbuka kwamba iliwahi kuwa tofauti.

Kwa hiyo nilianza kulipasua. Kila siku nikitoka shule, kabla ya kula, nilibadilisha sare, nikashika koleo. Ndani nilikuta wali umeshikamana mabonge mabonge, bado mweupe. Mama, ulikuwa wali wako. Nililia pale pale, nikaendelea kukoroga, kwa sababu inzi hawakusubiri nimalize kulia. Mjomba alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu akarudi na magunia ya maranda kutoka kwa fundi seremala, akayabwaga, akakaa akikanda kiuno.

Darasani tunakaa wawili wawili. Mwenzangu aliomba ahamishwe, kwa adabu kabisa. Nilisugua mikono kwa limau mpaka ikawasha.

Jumatano nikakuta gunia limeegemezwa kwenye ua. Majani makavu ya mkorosho, yamefagiliwa vizuri. Bi Mwanaidi akapaza sauti kutoka jikoni kwake, "Usidhani nimekusamehe! Nimechoka kuyachoma tu, moshi unanimaliza macho." Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, koroga huko."

Juzi nondo ilitoka vuguvugu. Nilidhani ni jua.

Leo asubuhi niliishika kwa mkono mzima kama nilivyozoea, nikaiachia kwa kelele. Mjomba akatoka mbio na fagio akidhani nyoka. Nikamwambia, "Limeamka! Mjomba, limeamka!" Akaigusa kwa kidole, akakipeleka haraka mdomoni, akanitazama. Macho yake ni yako kabisa, sikuwahi kuyaona hivyo.

Mjumbe alipita saa nne. Alivuta pumzi, akazunguka lundo, akavuta tena. Akauliza kama ikiiva atapata kidogo ya kuwekea mchicha wake. Nikamwambia apange foleni nyuma ya Bi Mwanaidi.

Nimechoka, Mama. Mgongo unauma na sijasoma hesabu wiki nzima. Jumatatu nitakaa peke yangu kwenye dawati. Lakini nimelipekua lundo mpaka chini, na punje za wali sizioni tena.

Likiiva, ndoo ya kwanza nitakuletea makaburini, niiweke kuzunguka msalaba wako, nipande maua. Najua ulisema maua hayaliwi. Utanivumilia. Na ninakuahidi hili: yeyote atakayekuja na sufuria nitaipekua kwanza, na nitajua kusema hapana, hata kwa watu wanaolia, hata mimi mwenyewe nikiwa ninalia.

Pumzika sasa. Nondo nimeirudisha katikati, pale pale ulipokuwa ukiichomeka.

Mwanao